Kabla ya mawe, ufunguo: kurudisha maeneo ya wote mtaani baada ya vita

Vita vya mtaa hupiganiwa pale watu wanapokutana: kwenye bomba la maji, sokoni, kwenye reli, kwenye kidaraja cha mbao kati ya kijiji na kijiji. Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, iliona hayo baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Soko la Toi lilichomwa, reli ikang'olewa, na njia ambazo mtu alikuwa akizipita usiku na mchana zikageuka mipaka. Nchi nzima, Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu waliouawa kuwa watu 1,133. Tarehe 28 Februari 2008 mkataba wa Kibaki na Raila wa kugawana madaraka ukatiwa sahihi mbele ya Harambee House, ofisi ya rais. Lakini mkataba wa aina hiyo hauamui ni nani atakayefungua bomba la kijiji cha Silanga, humo Kibera, asubuhi, wala ni vijana wa upande gani watakaolipwa kuzibua mtaro wa kijiji jirani cha Lindi. Hayo huachiwa mtaa.

Nawaandikia wale walioachiwa: kamati ya kijiji, kikundi cha vijana, shirika dogo lililopata pesa za kujenga uwanja, choo, kituo cha maji au ukuta wa mto. Mifano yangu mingi ni ya Nairobi kwa sababu huko kazi hii imefanywa kwa muda mrefu na matokeo yanaonekana. Kounkuey Design Initiative, shirika la usanifu, wamekuwa wakijenga na wakazi wa Kibera kando ya Mto Ngong tangu miaka hiyo ya vita, na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa na vikundi vya akiba humo kabla yake. Dandora, mtaa mwingine wa Nairobi, nako vijana walizichukua zile koti, yaani nyua za wazi za katikati ya ploti, zilizopangwa tangu mradi wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1970 na baadaye kugeuka jalala, wakazisafisha wenyewe.

Niseme msimamo wangu mapema. Watu hushirikishwa pale penye orodha ya vibarua, sanduku la pesa na ufunguo. Baraza zuri lenye soda na picha halimzuii mtu aliyekosa kibarua kuja usiku kung'oa bomba.

Kiwanja kitupu ni cha nani?

Baada ya vita kila mtu huona nafasi. Pale palipokuwa na vyumba vinane vya mabati sasa pana majivu na msingi wa udongo, na anatokea mtu mwema kusema "hapa tungeweka uwanja wa watoto." Subiri. Waliokuwa wakiishi hapo wako kwa ndugu Kawangware, wako Kisumu, wako Murang'a, au wako kambini. Ukijenga bembea juu ya kiwanja chao umeandika kwa saruji kwamba hawarudi, na watoto wa waliobaki ndio watakaobembea juu ya kesi hiyo.

Kibera hili ni gumu zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma, na anayeitwa mwenye nyumba ana mabati na kuta bila hati ya ardhi. Usifikirie ni kabila peke yake. Mwishoni mwa 2001 watu walipigana hapo kwa ajili ya kodi ya nyumba, wapangaji upande mmoja na wenye nyumba upande mwingine, wengi wao Wanubi ambao mababu zao waliwekwa hapo na serikali ya kikoloni. Wanubi walikuja kupewa hati ya ekari 288 mwaka wa 2017. Kwa hiyo kila futi ya "eneo wazi" ina angalau watu watatu wa kuulizwa: mwenye mabati, mpangaji wa mwisho, na anayelitumia leo.

Hatua zenyewe ni rahisi ila zinachosha. Piga picha kiwanja kutoka pembe zote nne. Pima kwa utepe na uchore. Uliza majirani wa pande zote, mmoja mmoja, nani alikaa hapo Desemba iliyotangulia vita, uandike majina na simu kwenye daftari linalofungiwa, kwa sababu orodha ya waliokimbia ni kitu cha hatari ikiokotwa na mtu mbaya. Bandika tangazo kiwanjani, kwa chifu, na kwenye makanisa na misikiti ya karibu, siku 30. Wapigie waliohama. Wengine watasema wamechoka na hawarudi, ila wanataka kufidiwa mabati; wengine watasema wanarudi. Anayerudi akipatikana, tafuta eneo lingine. Kipande chembamba kando ya mtaro kisicho na kesi ni bora kuliko kiwanja kizuri cha watu waliofukuzwa.

Toi palikuwa na njia nyepesi kidogo kwa sababu vikundi vya akiba vya wafanyabiashara vilikuwa na rekodi zao. Mwenye kibanda alijulikana kwa daftari, na kugawana upya kukawa na mahali pa kuanzia. Mtaa wenye chama hai hupona haraka zaidi kuliko wenye viongozi wengi.

Usiite baraza kwanza

Baraza la wote likiitwa mwezi wa kwanza baada ya vita, wanaongea wale wale walioongea kabla ya vita, na walioumia wanakaa kimya wakiangalia nani ameketi na nani. Anza na mikutano midogo ya watu 8 hadi 12, kila kundi peke yake: wapangaji, wenye nyumba, wachuuzi wa hapo hapo, wauza maji, vijana wa base (kijiweni), wazoa taka, na mama wanaofua. Wanawake wawe na kikao chao bila wanaume, kwa sababu swali la choo na swali la usiku hayajibiwi mbele ya wanaume wa ploti moja. Usisahau wapika pombe ya chang'aa wa kando ya mto. Ukiwaruka watakuwa wa kwanza kuathiriwa na ukuta wako na wa mwisho kuulinda.

Saa ya kikao ndiyo huamua nani atakuja. Kikao cha saa tatu asubuhi siku ya kazi hupata wasio na kibarua na wazee wa kijiji. Wafanyakazi wa Industrial Area, eneo la viwanda, hutoka alfajiri kwa miguu na kurudi giza likiingia. Hao utawapata Jumapili saa nane mchana, baada ya kanisa. Ijumaa adhuhuri usiite kitu Makina, kijiji cha Kibera chenye Waislamu wengi. Nauli na chai vilipwe sawa kwa kila kundi, na kiasi kitajwe hadharani, maana uvumi kwamba "wale wa upande ule walipewa mia tano" unatosha kuua mradi wa milioni.

Mtapataje wawakilishi? Mpango wa Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyotangazwa kuwa eneo la mipango miji maalum mwaka wa 2017 na lenye kaya zaidi ya 100,000, ulitumia njia ya kaya kumi kumi: kila kumi wanachagua mmoja wao, na hao wanakutana kuchagua wa ngazi ya juu. Kwa uwanja mmoja huhitaji ngazi nyingi. Chukua kaya zote ndani ya mwendo wa dakika tano, zigawe kumi kumi kwa jinsi milango inavyofuatana, si kwa ukoo wala chama, na uache kila kumi wachague. Milango ikifuatana, mara nyingi kumi moja inakuwa na mchanganyiko bila mtu kulazimisha. Pale ambapo vita vimeshatenganisha watu hadi kila mstari ni wa kabila moja, chora makundi yavuke njia, nyumba tano huku na tano ng'ambo.

Kamati ya mwisho ya watu 9 hadi 11 inatosha. Isajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mwenyekiti na mweka hazina wasitoke kundi moja. Hilo liandikwe kwenye katiba ya kikundi, kwa sababu "tunaelewana" hudumu hadi pesa ya kwanza iingie.

Kuhesabu, kuchora, kuchagua

Kabla ya mchoro wowote, hesabu watu wanaotumia eneo: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, siku moja ya kazi na Jumapili moja. Tenganisha wanaume, wanawake, watoto. Mhesabuji mmoja kutoka kila upande, wakikaa pamoja. Namba za saa mbili usiku ndizo zenye maana zaidi: wanawake wakiwa sifuri hapo, tatizo lako la kwanza ni taa na njia ya kutokea, bembea baadaye. Uwanja wenye mlango mmoja ni mtego, na aliyewahi kukimbizwa anaujua mtego akiuona. Acha njia mbili za kutoka, kila moja yenye upana usiopungua mita moja na nusu, na ukuta wowote wa ndani usipite kiuno.

Halafu ngoja mvua moja kubwa. Simama uone maji yanapita wapi. Mchoro wa kiangazi hudanganya.

Kwa kuchagua, tengeneza kielelezo cha katoni ambapo sentimita 2 ni mita 1. Kiwanja cha mita 20 kwa 15 kinakuwa katoni ya sentimita 40 kwa 30, kinaenea mezani na kila mtu anafikia. Kata vipande vya choo, tangi, jukwaa, bembea, vibanda, sehemu ya kufulia, vyote kwa kipimo hicho hicho. Kila kipande kiandikwe bei yake kwa maharagwe, na kila kundi lipewe maharagwe 100. Hapo ndipo mazungumzo yanakuwa ya kweli: choo kikila 45 na tangi 30, wanaotaka jukwaa la muziki wanaanza kuwasikiliza wanaotaka kufua. UN-Habitat walianza mwaka wa 2012 kufanya zoezi la namna hii kwa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, na Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo. Vijana hufurahi, ila bado napendelea katoni, kwa sababu nyanya wa miaka sabini hahitaji kufundishwa kusogeza kipande cha karatasi.

Makundi yakishamaliza peke yao, ndipo uite wote pamoja, na kazi ya siku hiyo iwe moja: kulinganisha katoni. Watu waliogombana hukaa vizuri zaidi wakiwa na kitu cha kubishania mezani. Mkishakubaliana, chora kiwanjani kwa chokaa na kamba, ukubwa kamili, mwache siku tatu watu wakitembea juu yake. Mama atakuambia mlango wa choo unatazama duka la nyama. Mwendesha mkokoteni atakuambia kona haipitiki.

Orodha ya vibarua

Hapa ndipo miradi mingi huvunjika. Fundi mkuu huja na vijana wake, mzee wa kijiji huleta wapwa, na kufika wiki ya pili upande mmoja ndio unaolipwa. Fanya hivi: kila kumi ya kaya itoe majina, yatiwe kwenye ndoo, yachotwe na mtoto hadharani, yabandikwe siku hiyo hiyo. Kikosi kibadilike kila wiki mbili ili pesa izunguke. Malipo yatumwe kwa M-Pesa kila Jumamosi kwa namba ya mfanyakazi mwenyewe, na orodha ya malipo ibandikwe ukutani Jumatatu, jina na siku alizofanya. Majina hewa hufa yakisomwa na majirani. Fundi abaki na haki moja tu, ya kumrudisha nyumbani aliyelewa au aliyekataa kazi, na hata hapo msimamizi wa pili, wa upande mwingine, atie sahihi.

Mpangilio wa kazi nao una siasa yake. Kuna kazi ya mtu mmoja mmoja, kama kuchimba, na kuna kazi isiyofanyika bila wawili kusikilizana. Gabioni, yaani kreti ya waya inayojazwa mawe, ni ya aina ya pili, na ndiyo maana naipenda kwa kuta za mto.

Kreti ya kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1. Inameza mita za ujazo 2 za mawe, ambazo ni kama tani tatu na nusu. Waya wa matundu ya milimita 80 kwa 100 unataka mawe ya kati ya milimita 120 na 250. Madogo kuliko hayo yatatoka na maji. Wawili husimama nje wakipanga mawe ya uso kwa mkono, bapa likitazama nje, na wawili ndani wakijaza na kuziba mianya. Mawe yakifika theluthi ya kimo, mnafunga nyaya za kuvuta uso wa mbele na wa nyuma, na tena kwenye theluthi mbili. Wanaoruka nyaya hizo, au wanaomwaga mawe kwa toroli ili wamalize kabla ya chakula cha mchana, huona kreti ikivimba tumbo mvua ya kwanza. Kifuniko kifungwe kwa waya kila sentimita 10, na kreti ishonwe kwa jirani yake kabla ya kujazwa.

Kosa kubwa zaidi liko chini. Ukuta wa mto hauanguki kwa kusukumwa, hutafunwa miguu. Kreti ya kwanza iingie angalau nusu mita chini ya sakafu ya mto, na nyuma ya ukuta pawekwe kitambaa cha kuchujia ili udongo usitoroke kupitia mawe. Mto Ngong hubeba maji taka, kwa hiyo nunua waya uliovikwa plastiki. Hauli kutu haraka, na mnunuzi wa vyuma chakavu haupendi.

Sakafu ya zege kwa mikutano, ibada na kufulia ni hesabu nyepesi. Mita 8 kwa 6, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 4.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 32 ya saruji, mchanga mita za ujazo 2.3 na kokoto 4.5. Igawe mapande manne ya mita 4 kwa 3, mifuko minane kila pande, na kila pande lifanywe na kikosi kilichochanganyika. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Vijana hupenda kuongeza maji ili zege lishuke vizuri, na sakafu hiyo ndiyo inayotoa vumbi mwaka wa pili. Mwagilia siku saba. Kazi ya kumwagilia ilipwe pia, la sivyo haifanywi.

Mitaro mimina kwa mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita. Vifuniko viwe vya sentimita 60 kwa 50, unene wa 7: kila kimoja kilo 50 hivi, watu wawili wananyanyua. Kifuniko cha mita moja na nusu hakinyanyuliwi na mtu, na mtaro usionyanyuliwa vifuniko unajaa mchanga kimyakimya.

Ufunguo, sanduku, kalenda

Choo na maji huleta pesa, na pesa huleta wakubwa. Kabla ya kufungua, andikeni kwenye ubao bei ya mtungi wa lita 20, bei ya choo, na mgao. Tuseme choo kinatumiwa mara 80 kwa siku kwa shilingi 10: hiyo ni 800. Mhudumu akipata 400, maji na sabuni 100, zinabaki 300, na kati ya hizo 200 ziingie akiba ya ukarabati, zisiguswe kwa msiba wala harusi. Akiba hiyo kwa mwezi ni 6,000, ambazo zinatosha koki, kufuli na fundi wa siku moja, hazitoshi kunyonya shimo lililojaa. Kwa hiyo msikubali shimo dogo kwenye mchoro.

Fedha taslimu zikae kwenye sanduku la kufuli tatu, kama vyama vya akiba vinavyofanya, funguo kwa watu watatu wa makundi matatu, na sanduku kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Benki iwe na watia sahihi watatu. Ufunguo wa bomba kuu nao uwe na nakala pande zote mbili za mtaa. Siku kelele zikianza, mwenye ufunguo pekee hugeuka mfalme au hugeuka shabaha, na yote mawili ni mabaya.

Rangi za vyama zisikanyage ukuta. Wala jina la mtu aliye hai. Mwanasiasa akitaka kuzindua, akaribishwe kama mgeni mwingine na asishike kipaza sauti peke yake. Akileta jiwe la msingi lenye jina lake, liwekwe chini ya sakafu, hapo ni msingi kweli.

Panga kwa kalenda mbili. Ya mvua: kazi ya mto ifanywe Januari na Februari au kati ya Julai na Septemba, kabla ya mvua ndefu za Machi au fupi za Oktoba. Ya kura: usifungue kitu ndani ya miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu. Unaofuata ni Agosti 2027, kwa hiyo mradi wa mto uliokosa Septemba 2026 usukumwe hadi 2028. Wafadhili hawatapenda. Waonyeshwe kalenda.

Jambo la karatasi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka mitoni, na tingatinga likapita Mathare na Mukuru. Uwanja ulio kando ya mto unaingia humo humo. Ombeni idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kreti ya kwanza, na barua ya kaunti inayosema eneo ni la umma na ukuta ni wa kuzuia mafuriko. Nakala moja ikae kwenye sanduku la kufuli tatu, moja kwa chifu, moja kwa kaunti, na zote zipigwe picha zitumwe kwenye simu za wajumbe wote, wa pande zote, kwa sababu karatasi ya mtu mmoja huungua na nyumba yake.